Kikopo cha Kifuniko cha Njano

Nesi ameandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito:
ANAELI KILIO.
Nikamwambia, Sista, ni Kileo, kwa e.
Akanitazama juu ya miwani.
Kweli, ukoo gani unakuja na jina hilo
mahali wanapopima vilevi?
Nikaacha. Kilio nacho si uongo.

"Mpaka mstari huu," ukucha wake ukikwaruza plastiki.
"Na mlango usiufunge, uache wazi kidogo."

Kidogo hicho ndicho kinachonishinda.

Miaka kumi na saba nimebeba mizigo ya watu mlimani,
mahema, meza, viti vya kukunja,
safari moja choo cha plastiki cha mama wa kutoka mbali,
nikashuka nacho kichwani kikichezacheza.
Sikuona haya. Kambi ya Barafu nilikojoa na upepo bega kwa bega,
wapagazi wenzangu wakicheka gizani.
Leo kiatu kimoja cheupe, kwenye ufa wa mlango,
kimenikausha.

Mgongo wangu ulibaki kule, kwenye utelezi wa mawe, siku ya kushuka.
Tangu hapo ni chupa. Dawa ya maji, mililita tano,
asubuhi, mchana, jioni, na ile ya usiku wa manane
ambayo Ndeshi hunipimia kwa tochi ya simu,
akishikilia pumzi asimwage.
Kila mwezi chupa mpya, kila mwezi kikopo:
wanataka kujua kama naimeza
au naiuza nyuma ya soko la Mbuyuni.
Mkojo wangu utoe ushahidi. Mimi nimeshaeleza, haikutosha.

Na hapa ndipo pa kuchekesha, kama una moyo:
dawa wanayoitafuta humo
ndiyo iliyofunga njia.
Daktari mwenyewe alinionya siku ya kwanza,
choo kitakuwa kigumu, mkojo utachelewa.
Shahidi amezibwa mdomo
na yule yule aliyeitwa kumshuhudia.

Nimekunywa maji chupa tatu. Nimekunywa chai ya tangawizi
ya mama aliyekaa foleni na mwanawe mwenye selimundu.
Nimefungua bomba, nikasikiliza.
Nimehesabu vigae: arobaini, kimoja kimepasuka.

Ndipo nikaukumbuka mfereji wetu Kibosho.
Zamu yetu ilikuwa Alhamisi, saa tisa usiku.
Baba mbele na jembe, mimi nyuma na taa ya chemli,
tukipanda hadi pale maji yalipozibwa
kwa magome ya migomba na udongo.
Hakuyafokea. Alichomoa gome moja tu,
akachuchumaa, akawasha sigara, akatazama pembeni
kana kwamba hakuyajia.
"Ukiyakodolea macho," alisema, "yanakaa."

Nikakitazama kigae kilichopasuka.
Nje Sista akaanza kumwuliza mtu bei ya mshare,
mkungu mzima ni shilingi ngapi siku hizi,
na kiatu cheupe kikasogea.
Sijui kama alikusudia.

Tone.
Kimya.
Matone mawili, halafu uzi mwembamba wa kusitasita
uliokatika chini ya mstari, pungufu ya upana wa kidole.

Akakipokea kwa glavu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Hakijafika."
"Najua."
Akakishika kidogo zaidi, kiganja kikisikiliza joto.
Akatafuta kalamu.
Akafuta i, akaandika e.

Mlimani vyeti huandikwa majina ya wageni.
Nimevishuhudia vikigawiwa getini, mikono ikipigwa makofi,
nami nimeegemea mzigo nikisubiri malipo.
Hiki kina langu.

"Kaa nje nusu saa," akasema, "tujaribu tena."
Nikarudi kwenye benchi, polepole, kwa ajili ya mgongo.
Mama yule hakuuliza kitu.
Akasogeza mtoto, akafungua chupa ya chai.